Pichi Fupi, ya Kati au Ndefu: Kuchagua Propela ya Ndege Ndogo kwa Viwanja vya Nyanda za Juu Kusini

Mwenye ndege ndogo ya injini moja anayerukia Mbeya, Iringa au Njombe hukutana mapema na swali ambalo mwenzake wa Tanga anaweza kuliahirisha kwa miaka: je, propela iliyokuja na ndege hii inafaa viwanja vya huku, au pichi yake, yaani inchi inazolenga kusonga mbele kwa kila mzunguko, ibadilishwe? Swali hili huwa zito zaidi propela inapofikia ukarabati mkubwa au inapobidi kununua mpya, kwa sababu karakana itataka kuambiwa inchi, na inchi hizo ndizo zitakazoamua jinsi ndege itakavyopanda, itakavyosafiri na itakavyotumia mafuta kwa muda mrefu ujao.

Makala haya yanalinganisha njia tatu kwa mtu mwenye propela isiyobadilika: pichi fupi, ambayo marubani huiita ya kupandia, pichi ya kati, ambayo kwa kawaida ndiyo aliyoiweka mtengenezaji, na pichi ndefu, ya safari. Propela zinazoweza kurekebishwa nitazigusa kwa ufupi tu, kwa kuwa wengi wenye ndege za mafunzo na za binafsi hawana nafasi ya kuzichagua.

Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu, na hupimwa kwa inchi. Cessna 172N, yenye injini ya Lycoming ya nguvu farasi 160, hutumia propela ya McCauley yenye kipenyo cha inchi 75 na pichi ya inchi 57. Ile 172M iliyoitangulia, yenye nguvu farasi 150, ilikuwa na kipenyo hichohicho lakini pichi ya inchi 53. Kwa mizunguko 2,700 kwa dakika, inchi 57 ni sawa na mwendo wa kilomita 234 kwa saa, na inchi 53 ni sawa na kilomita 218. Hewa si kitu kigumu, kwa hiyo namba hizi hazisemi ndege itakwenda kasi gani. Zinasaidia kulinganisha propela moja na nyingine. Kwa dereva wa lori, jambo hili halina ugeni: ni kama kuambiwa achague gia moja tu kabla ya kuondoka, na gia itakayompandisha Kitonga na mzigo wake siyo itakayompa raha kwenye tambarare za Usangu.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vigezo vinne, navyo nimevipanga kwa uzito wake katika mazingira ya huku: kuruka na kupanda kutoka viwanja vya juu, mwendo katika safari ya usawa, hali ya injini na matumizi ya mafuta, na mwisho, hali ya njia za kurukia pamoja na mipaka ya kisheria. Pwani ningeanza na mwendo wa safari. Huku sianzi nao, na sababu ni hewa yenyewe.

Hewa ya viwanja vyetu

Kiwanja cha Songwe, cha Mbeya, kiko takriban futi 4,400 juu ya usawa wa bahari, Nduli pale Iringa karibu futi 4,700, na Njombe karibu futi 6,400. Hizo ni namba za ardhini, na ndege haisomi ardhi, inasoma wembamba wa hewa. Kila nyuzi moja ya joto juu ya kiwango cha kawaida cha mwinuko husika huongeza kama futi 120 kwenye mwinuko ambao bawa, injini na propela vinauhisi. Kiwango hicho cha kawaida kwa Songwe ni kama nyuzi 6 tu. Siku ya nyuzi 26, basi, ndege iliyo Songwe inafanya kazi kana kwamba iko futi 6,800, na Njombe kwenye nyuzi 22 inafanya kazi kana kwamba iko karibu futi 8,800.

Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuishindilia hewa, hupoteza nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyembamba. Kwa hesabu za kawaida, injini ya nguvu farasi 160 hubaki na takriban 126 katika mfano wa Songwe, na kama 118 katika mfano wa Njombe, hata ikizunguka kwa kasi yake kamili. Hapohapo, kwa kuwa bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili kubeba uzito uleule, ndege ya Songwe lazima ifikie mwendo halisi unaozidi ule wa usawa wa bahari kwa karibu asilimia 11 kabla ya kunyanyuka. Nguvu imepungua na mwendo unaotakiwa umeongezeka. Ndiyo maana mbio za kuruka zinaweza kurefuka kwa zaidi ya nusu ya urefu wake wa pwani.

Kuna dhana moja ninayoisikia mara kwa mara kuhusu jambo hili, nayo inapotosha uchaguzi: kwamba kwenye mwinuko injini hushindwa kabisa kuzungusha propela, hivyo dawa ni kupunguza pichi mpaka mizunguko irudi. Ukweli ni kwamba hewa nyembamba huipunguzia injini nguvu, lakini huipunguzia propela nayo ukinzani, kwa kiasi kinachokaribiana. Mizunguko ya ndege iliyosimama hushuka kidogo tu kutoka pwani hadi Songwe, pengine kwa asilimia moja au mbili. Kinachopotea ni msukumo. Rubani anayeona mizunguko 200 imetoweka akiwa Nduli asikimbilie kubadilisha propela. Kwanza atazame mchanganyiko wa mafuta na hewa, kwa sababu juu ya futi 3,000 injini nyingi za aina hii zinatakiwa kupunguziwa mafuta kabla ya kuruka kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza, na injini iliyojaa mafuta kupita kiasi hunguruma vizito bila kutoa nguvu. Kisha akague takometa, yaani kipimo cha mizunguko ya injini. Takometa ya zamani inaweza kukosea kwa mizunguko 50 au zaidi, na kosa hilo pekee linatosha kumfanya mtu aagize inchi ambazo hakuzihitaji.

Kuruka na kupanda

Hapa ndipo pichi fupi inapostahili sifa yake. Ndege ikiwa imesimama au inaanza mbio, mapanga ya propela yenye pichi ndefu hukutana na hewa kwa pembe kubwa, sehemu yake huikoroga hewa badala ya kuisukuma, na injini hubanwa isifikie mizunguko ambayo ndiko iliko nguvu yake kamili. Injini ya mizunguko 2,700 inayozunguka 2,350 wakati ndege imesimama inatoa kama asilimia 87 tu ya nguvu ambayo ingetoa kwenye mizunguko yake kamili. Kila inchi ya pichi inayopunguzwa huongeza takriban mizunguko 25 hadi 50. Kwa inchi tatu, basi, ni mizunguko 75 hadi 150, na nguvu ya ziada ya asilimia 3 hadi 6. Msukumo unaweza kuongezeka zaidi kidogo ya hapo, kwa kuwa mapanga ya pichi fupi hushika hewa vizuri zaidi mwendo ukiwa mdogo.

Je, asilimia 3 hadi 6 ni nyingi? Kwa ndege iliyojaa, kwenye njia fupi ya changarawe yenye miti ya mikaratusi mwishoni, ni nyingi, na mimi sitamdharau rubani anayeitafuta. Lakini ilinganishwe na vitu vingine vilivyo mkononi mwake. Kuruka Nduli saa 1 asubuhi kwenye nyuzi 12, badala ya saa 8 mchana kwenye nyuzi 28, kunairudishia injini karibu futi 1,900 za hewa, na hiyo ni nguvu ya ziada ya takriban asilimia 7, bila kugusa propela na bila gharama yoyote. Kumwacha abiria mmoja au kupunguza lita 60 za mafuta kunafanya kazi ileile. Pichi fupi husaidia, ila haiwezi kulipa asilimia 21 ambayo hewa ya Songwe imekwisha kuichukua, na anayeinunua akidhani italipa deni hilo lote amejiweka hatarini.

Pichi ya kati inashika nafasi yake: takwimu zilizomo kwenye kitabu cha ndege zilipimwa kwa propela iliyotajwa humo, kwa hiyo jedwali la kuruka linamsemea mwenye propela hiyo kwa uaminifu. Faida hii haionekani kwa macho, lakini kwenye viwanja vya juu ni kubwa, maana mwenye pichi ndefu kuliko ya kitabu hana jedwali linalomwambia ukweli kuhusu mita atakazohitaji.

Pichi ndefu ndiyo dhaifu zaidi hapa. Ndege hunyanyuka kwa kuchelewa, hupanda kwa upole, na injini hukaa muda mrefu ikiwa na mzigo mkubwa kwenye mizunguko ya chini huku hewa ya kuipooza ikiwa chache. Kwenye njia ndefu ya lami kama ya Songwe, inayozidi kilomita 3, udhaifu huo unavumilika. Kupanda kutoka bonde la Mbeya, penye safu ya Loleza upande wa kaskazini na milima ya Uporoto kusini, si mahali pa kuugundua.

Mwendo wa safari

Katika safari ya usawa mizani inageuka. Pichi ndefu huipa ndege mwendo uleule kwa mizunguko michache, kelele kidogo na mtetemo mdogo. Pichi fupi hufikia mstari mwekundu wa takometa, yaani kikomo cha mizunguko, mapema, na rubani analazimika kurudisha throtli, mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, ingawa injini ina nguvu iliyobaki.

Namwomba msomaji apime tofauti hii kwa safari zake mwenyewe. Tuseme pichi ndefu inampa kilomita 200 kwa saa na fupi 190. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 690 kwa mstari ulionyooka, tofauti ni kama dakika 11. Kutoka Iringa hadi Msembe ndani ya Hifadhi ya Ruaha, karibu kilomita 90, ni dakika moja na nusu. Kwa anayekwenda Dar mara kwa mara, dakika hizo na mafuta yake zinajumlishwa na kuwa kitu mwisho wa mwaka; kwa anayezunguka kati ya Iringa, Ruaha na Mafinga, hazina uzito wa kuhalalisha mbio ndefu za kuruka.

Liko pia jambo linalosahaulika, na ambalo nadhani linawagusa zaidi marubani wa huku. Safari za kuvuka Kipengere au Livingstone hufanyika futi 9,500 na zaidi. Kwenye mwinuko huo injini imepungua nguvu kiasi kwamba hata pichi fupi inaweza kuzungushwa kwa throtli iliyo wazi yote bila kuvuka mstari mwekundu kwa urahisi. Aibu ya pichi fupi, ambayo ni kubwa pwani kwenye futi 2,000, hupungua juu ya milima yetu. Hurudi wakati wa kushuka: rubani anayetoka Kitulo kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa anashusha futi elfu kadhaa kwa muda mfupi, hewa inaizungusha propela, na asipoondoa throtli mapema mizunguko hupita kiwango. Mwenye pichi ndefu ana wasiwasi mdogo kwenye mteremko huo.

Injini na mafuta

Kwa mwendo uleule, pichi fupi huizungusha injini mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na sehemu ya mafuta huishia kwenye msuguano wa ndani. Pichi ndefu hutumia mafuta kidogo safarini lakini huikandamiza injini wakati wa kupanda, na joto la silinda linahitaji kufuatiliwa, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza. Pichi ya kati haishindi upande wowote, na haiumizi upande wowote.

Mizunguko mingi si lazima iwe msukumo mwingi. Propela iliyopigwa na kokoto na kusawazishwa kwa tupa mwaka baada ya mwaka hupungua upana wa mapanga, na pengine kipenyo. Mizunguko hupanda, rubani hufurahi, kumbe msukumo umeshuka. Kabla ya kulinganisha pichi, propela ya sasa ipimwe kipenyo, upana na pembe ya mapanga, ili ijulikane kinacholinganishwa ni kipi.

Njia za kurukia, karakana na sheria

Kwenye changarawe na nyasi, pichi fupi ina faida ndogo ya kuondoka na nguvu ndogo zaidi ya throtli wakati ndege inajongea kiwanjani, na kwenye kutua propela iliyoachwa bila nguvu huvuta breki kidogo, jambo linalosaidia kushuka kwa mteremko mkali kuelekea njia fupi. Baadhi ya wenye Piper Super Cub huko Alaska wamekwenda mbali zaidi, wakafunga propela ya inchi 82 yenye pichi ya inchi 41. Ni mfano mzuri wa kazi maalumu, lakini kipenyo hicho hukaribisha ncha za mapanga kwenye mawe, na ndege ya kawaida yenye gurudumu la mbele haina nafasi ya chini ya kukiruhusu.

Propela ya aluminiamu inaweza kubadilishwa pichi kwa kukunjwa ikiwa baridi, kwa kiasi kidogo, katika karakana ya propela iliyoidhinishwa na si kwa mikono ya fundi yeyote mwenye jiriwa. Ya mbao haikunjwi. Ikibidi pichi nyingine, inanunuliwa nyingine. Kila badiliko liandikwe kwenye daftari la propela.

Uhuru wa kuchagua nao una ukuta. Cheti cha aina ya ndege hutaja propela zinazokubalika na mizunguko ambayo ndege iliyosimama, throtli wazi yote, inapaswa kuonyesha. Kwa 172N ni kati ya 2,280 na 2,400. Ukipunguza inchi tatu mizunguko ikafika 2,470, ndege hiyo haiko tena ndani ya cheti chake, hata kama inapanda vizuri, mpaka kuwe na kibali cha nyongeza kinachotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa hiyo, kwa ndege nyingi zenye vyeti, mjadala wa pichi fupi, ya kati na ndefu ni mjadala wa inchi moja au mbili kila upande. Bima nayo huuliza maswali hayo baada ya ajali, wakati majibu hayarekebishiki.

Zinazorekebishwa

Propela ya mwendo thabiti, inayobadilisha pichi angani kwa shinikizo la oili kupitia gavana, kidhibiti cha mizunguko, humpa rubani gia ya kupandia na ya safari kwa pamoja. Cessna 182 na 206 huja nayo. Ni nzito, ni ghali kununua na kukarabati, na injini nyingi za propela isiyobadilika hazikuandaliwa kuipokea. Kwa ndege nyepesi zenye injini ya Rotax 912 zipo propela zinazorekebishwa ardhini kwa nyuzi za pembe ya mapanga. Mwenye nayo ana bahati ya kujaribu pichi mbili bila kununua propela mbili, mradi injini ya nguvu farasi 100 isizidi mizunguko 5,500 kwa muda mrefu wala 5,800 kwa dakika zinazozidi tano.

Nani achague ipi

Anayefundisha wanafunzi Songwe au Nduli, akiruka na kutua mara nyingi kwa saa moja na bila kwenda mbali, atafaidika na upande mfupi wa kiwango kinachoruhusiwa, kwa sababu karibu muda wake wote uko kwenye kupanda.

Anayetumia viwanja vya changarawe au nyasi kama vile vya mashamba na misheni, akiwa na mzigo, naye aelekee upande huo mfupi, na aweke kanuni ya kuruka asubuhi. Kwake njia fupi kuliko zote anazozitumia ndiyo iamue, hata kama anaitumia mara moja kwa mwezi.

Mwenye safari mchanganyiko, leo Njombe, wiki ijayo Dodoma, mwezi ujao Dar, abaki na pichi ya kitabu. Ana jedwali linalomhusu, na ndege yake itauzika kwa urahisi zaidi.

Anayeishi kati ya Songwe na Dar es Salaam, lami kwa lami, mara nyingi akiwa peke yake au na mtu mmoja, anaweza kuongeza inchi moja kuelekea pichi ndefu, kwa sharti kwamba mizunguko ya ndege iliyosimama haishuki chini ya kiwango cha chini cha cheti ikipimwa Songwe kwenyewe, mchana, mchanganyiko ukiwa umepunguzwa vizuri na takometa ikiwa imehakikiwa.

Na ambaye ndege yake haipandi vizuri hata ikiwa na pichi ya kitabu asiagize inchi yoyote bado. Aanze na mgandamizo wa silinda, magneto zinazotoa cheche za injini, kichujio cha hewa chenye vumbi la kiangazi, na mizani ya kupimia uzito halisi wa ndege.